Mikato ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza na mimi nimeanza kazi, siku moja. Nimefika nimelowa mpaka soksi. Mlinzi wa lango kanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mkaguzi mpya? Karibu. Wa mwisho alidumu wiki saba." Makaribisho mazuri kabisa.

Machinjio ni yale yale niliyokuwa nikimsubiri Baba mlangoni pake nikiwa mtoto. Ukumbi wa saruji, reli ya chuma juu yenye kulabu ishirini na nne, mfereji wa damu katikati unaotokea nje ukutani. Bati limetoboka mahali patatu na chini ya kila tundu wameweka ndoo. Nimekabidhiwa muhuri, chupa ya wino wa zambarau, kabati la madaftari ya zamani na koti jeupe ambalo mtu mnene alilivaa kabla yangu. Baba alikagua nyama hapa miaka thelathini na moja. Mwaka jana kiharusi kilipomwangusha wakaleta wakaguzi wawili, mmoja baada ya mwingine, wote wakaomba uhamisho. Mimi niliomba kuletwa, ili nikae nyumbani nimsaidie Shangazi kumwuguza.

Baba analala chumba cha mbele. Upande wa kushoto wote umekufa, na mkono ule ndio aliokuwa akiutumia kwa kila kitu. Jioni nilipoingia alinyoosha wa kulia, akautafuta mkono wangu wa kushoto, akavibonyeza vidole kimoja kimoja, akauachia. Kisha akatamka neno pekee alilobaki nalo.

"Bandama?"

"Zoea," Shangazi kaniambia. "Wagonjwa wa wenzetu hubaki na jina la Mungu au la mke. Wetu kabaki na bandama, kipande cha nyama ambacho hata paka hukifikiria mara mbili."

Tumecheka mpaka machozi. Baba hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Ng'ombe tisa, mbuzi sita. Wamepita wote. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Leo kuna jambo. Ini la ng'ombe wa tatu lilipofika mezani kwangu lilikuwa limeshakatwa.

Niliandike vizuri, nisije nikalisoma baadaye nikajiona mwehu. Mkaguzi hukata kwenye ini, mapafu, misuli ya taya na tezi, aone kama ndani mna minyoo, usaha au uvimbe. Mikato hiyo ina mwandiko. Ukifanya kazi na mtu mwezi mmoja utaijua ya kwake hata ukiikuta jalalani. Yangu ni miwili, imenyooka. Iliyokuwa kwenye ini ilikuwa mitatu, imelala upande ambao mikato ya watu wengi hailali, na wa mwisho ni mfupi. Ilikuwa mibichi, bado inatoa damu.

Ni mikato ya Baba. Nilipomwambia nataka kusomea kazi yake alinifundisha kwenye meza ya jikoni, ini kwa ini, mwezi mzima, yeye kwa kushoto na mimi kwa kulia. Siwezi kuikosea.

Nimewauliza wachinjaji. Wamenitazama kama niliyeuliza nani kainyesha mvua. Nikamwuliza mchunaji mzee wanayemwita Taratibu, ambaye alifanya kazi na Baba tangu enzi hizo, na ambaye katika ngozi mia haachi tundu hata moja. Alikuwa anachuna, kisu mkono wa kulia, wala hakusimama.

"Labda kulabu, Daktari," akasema.

Mimi si daktari, na kulabu haikati mara tatu. Lakini ini lilikuwa safi. Nikalipitisha.

Jumatano, 13 Machi

Mikato tena. Jumatatu kwenye maini manne, jana kwenye sita. Leo yote, na tezi pia. Wachinjaji huanza saa kumi alfajiri, mimi naingia saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo mtu anaifanya katika saa moja na nusu hiyo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakosei. Palipo na minyoo mkato umepita hapo hapo.

Mchana mvua ilikuwa kali mno, sikuweza kutoka, nikafungua kabati la madaftari. La kwanza kabisa halina hata safu ya ugonjwa. Lina rangi ya ngozi na idadi, basi. Wakati huo hapakuwa na ukumbi, palikuwa na bamba la saruji na mti wa kufungia, na mkaguzi alikuja kwa baiskeli mara mbili kwa juma, akanusa nyama, akaigonga chapa ya chuma cha moto. Miaka ikapita ikaongezwa safu ya mapafu, na pembeni mtu kaandika kwamba mji mzima ulikuwa unakohoa. Kisha ya taya, baada ya watoto wa shule kujaa tegu. Kila safu ina watu wake waliougua kwanza.

Safu ya mwisho ni ya bandama. Hiyo haikupigwa chapa na serikali. Imechorwa kwa rula na kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, miaka ishirini na tano na zaidi, kwa mkono wa Baba.

Ijumaa, 15 Machi

Ncha ya kisu changu imevunjika kwenye mfupa wa taya. Kidogo tu, lakini sasa kila mkato wangu unaishia na mkia mwembamba, mkwaruzo. Kisu kipya nimeambiwa niandike barua. Nimeandika.

Jumatano, 20 Machi

Nimemshika mlinzi. Nimemwambia aniambie ukweli, nani anaingia na kisu kabla yangu.

"Ni wale wale wa kila siku."

"Na anayekata kwa kushoto?"

Akaangalia nyuma yake. Kisha akainama karibu, akanuka sigara na mvua. "Daktari, hao wawili waliokutangulia unadhani walikimbia nini? Mshahara?"

Sina hamu na hadithi za walinzi. Nina hakika ni Taratibu. Kesho nitaingia saa kumi kamili nimkute.

Alhamisi, 21 Machi

Homa. Kumi na mmoja. Wamepita.

Ijumaa, 22 Machi

Jana sikumbuki vizuri. Niliamka nawaka moto, nikapiga moyo konde nikaenda, na kuanzia langoni mpaka nilipojikuta nyumbani kitandani na Shangazi akinikanda kwa kitambaa, sina picha hata moja. Leo nimeamka mzima, dhaifu tu.

Jambo la kwanza nilikwenda kwenye pipa la nyama iliyokataliwa. Humo mlikuwa na maini matatu ya jana yenye minyoo, hayajatupwa shimoni kwa sababu shimo limejaa maji. Yote yana mikato mitatu iliyolala, mmoja mfupi. Mwishoni mwa kila mmoja pana mkia mwembamba. Mikato yangu mimi, ile miwili iliyonyooka, haipo hata mmoja.

Nikaketi juu ya ndoo. Ina maana jana sikukata. Nimegonga muhuri kwenye ng'ombe kumi na mmoja nikiwa sijitambui, na aliyekagua ni mwingine. Nikamtafuta Taratibu nimkabe koo.

"Taratibu jana hakuja," mchinjaji mkuu akaniambia. "Alikuwa na msiba kwao. Wewe mwenyewe ulimpa ruhusa juzi."

Ni kweli. Nilimpa asubuhi ile, homa ikanisahaulisha.

Nilirudi nyumbani mchana, kitu ambacho sikifanyi. Baba alikuwa amelala. Nikafunua blanketi nikatazama nyayo zake kama zina tope. Nikaunusa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa baridi na unanuka sabuni ya Shangazi. Kisha nikaona kwamba amefungua macho, ananitazama, sijui tangu saa ngapi.

"Bandama?" akasema.

Nikatoka bila kujibu.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua siku ya tisa mfululizo. Mikato ipo. Nimeacha kuuliza. Nakata ya kwangu kando ya ile, natia alama daftarini, naendelea. Mtu huzoea, hata hili.

Jumatano, 3 Aprili

Waraka kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya: mafuriko ya bondeni yamefukua mahali walipozikwa mifugo zamani, tuwe macho na kimeta. Ugonjwa huo hukaa udongoni miaka na miaka ukisubiri maji. Mnyama huanguka ghafla, damu haigandi, na bandama huvimba mara tatu ya kawaida, nyeusi, laini kama ugali mbichi. Mtu anayeigusa nyama ile naye anaupata. Mnyama wa hivyo hapasuliwi kabisa. Nimewasomea wachinjaji waraka. Wote waliitikia kwa kichwa, isipokuwa Taratibu, aliyekuwa anatazama mfereji.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeitafuta safu ya bandama ilipoanzia, nimeipata. Natamani nisingeitafuta.

Ni daftari la mwaka wa mvua kubwa, ule niliokuwa na miaka sita. Tarehe kumi na mbili, kwa mwandiko wa Baba: "Na. 7. Dharura, amechinjiwa njiani. Mwenye mali ni jirani. Bandama haikuletwa. Amepita." Pembeni kuna muhuri wa zambarau, umegongwa vizuri kabisa.

Kurasa zinazofuata ni mwandiko wa mtu mwingine, wiki tatu nzima. Kisha Baba anarudi, na siku aliyorudi ndiyo siku safu inaanza, imechorwa kwa rula. Tangu hapo kila mnyama ana alama mbili za vema badala ya moja. Mbili mbili mpaka mwaka jana. Sielewi ya pili ni ya nini.

Mama alikufa tarehe ishirini na moja ya mwezi ule. Siku tisa baada ya namba saba.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeweka daftari mezani mbele ya Shangazi, katikati ya mchicha aliokuwa anachambua. Alisoma, akaendelea kuchambua.

"Mliniambia homa."

"Ilikuwa homa. Mwishoni."

"Shangazi."

"Baba yako alileta mguu mzima nyumbani siku ile. Jirani alimpa, shukrani. Mama yako ndiye aliyeukata. Akatoka kidonda hapa, kwenye kiganja, cheusi katikati, wala hakimwumi. Kingemwuma tungekimbia hospitali. Na mchunaji mmoja pale machinjioni akafa wiki ile ile."

"Na hakuna aliyeniambia. Miaka yote hii!"

"Ulikuwa ukimsubiri baba yako mlangoni kila siku, umemshikia mwavuli. Mwanangu, nani angeanza? Na aanzie wapi?"

Sikula. Nilipopita chumba cha mbele Baba alinyoosha mkono. Sikumpa wangu. Alisema neno lake mara mbili, nikafunga mlango.

Jumatano, 10 Aprili

Nane. Wamepita. Sijaingia chumba cha mbele.

Ijumaa, 12 Aprili

Kumi na wawili. Mapafu mawili nimeyakataa. Kuna hasira hapa kifuani na sijui niiweke wapi. Alinifundisha kazi yenyewe. Alinisimamisha mezani, akaniambia kanuni zote, na kanuni moja aliyoivunja yeye hakuitaja.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Bandama, bandama, anasikika mpaka jikoni. Shangazi ananitazama.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeoga mara tatu. Nimepewa vidonge vya siku nyingi, nimemeza vya kwanza. Ni jioni, na naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa bure.

Alfajiri barabara kuu ilikuwa imekatika, tukapata ng'ombe tisa tu. Nilikuwa nimemaliza viungo vya wa tisa, nimekata, nimeviweka kwenye beseni, wakati mwenye lori alipoingia kinyumenyume mpaka mlangoni. Namjua, huleta mifugo kutoka bondeni, mtu wa maneno matamu asiye na simile. Ndani ya lori alikuwa na ng'ombe mmoja aliyekwisha chinjwa na kuchunwa, amefunikwa kwa turubai.

"Amevunjika mguu njiani, Daktari. Ningemwacha ateseke? Viungo vyake hivi hapa, vyote. Mimi najua kanuni."

Lori lilikuwa limesimama nje muda mrefu kabla sijalisikia, hilo nimelijua baadaye. Nilikwenda ofisini kuchukua daftari, dakika tano hazikufika, niliporudi beseni lake lilikuwa mezani kwangu. Mapafu, sawa. Moyo, sawa, ingawa damu ilikuwa nyeusi. Ini lilikuwa na mikato mitatu iliyolala, mibichi. Kwa hiyo yule mtu wangu amelipitia hili pia, nikajisemea, na hakosei. Aibu yangu niiandike: nilifarijika. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na siku nyingi sasa nilikuwa nikitazama mikato yake kwanza kabla ya kutazama nyama.

Bandama ilikuwepo, ndogo, safi, rangi nzuri. Nikachovya muhuri kwenye wino.

Nyuma yangu mtu akasema, polepole, "Bandama, Daktari."

Sauti haikuwa ya Baba. Lakini neno lilikuwa lile, na lilitamkwa vile vile, na mkono wangu ukaganda hewani. Wino ulidondoka mezani. Nikaitazama tena bandama ile. Ilikuwa na mikato miwili, imenyooka, na mwisho wa kila mmoja mkia mwembamba.

Ilikuwa mikato yangu. Nilikuwa natazama mkono wangu mwenyewe kwenye kiungo ambacho nilikuwa bado sijakigusa. Kwa muda nilidhani homa imerudi. Kisha nikageuka kwenye beseni la ng'ombe wa tisa, nikahesabu. Bandama haimo. Mwenye lori alikuwa ameichukua iliyokwisha kaguliwa akaileta kwangu mara ya pili.

"Ya kwake iko wapi?" nikamwuliza.

"Ndiyo hiyo, Daktari."

"Ya kwake!"

Sijawahi kupiga kelele vile kazini. Mlinzi ndiye aliyeipata, chini ya kiti cha dereva, ndani ya mfuko wa plastiki. Sikumruhusu aufungue. Ulikuwa umejaa pomoni, mweusi, na kilichomo kilikuwa kinafuata umbo la mfuko. Nikatazama chini ya lori. Damu iliyokuwa inadondoka tangu alfajiri ilikuwa bado inatiririka, haikuganda hata kidogo.

Nikafunga lango. Nikawaambia wote waweke visu chini na wasiguse kitu, hata nyuso zao. Mwenye lori alitaka kuondoka, mchinjaji mkuu akasimama mlangoni na shoka, na yule bwana akakumbuka kwamba hana haraka. Nikampigia daktari wa wilaya simu. Kisha nikachukua kalamu.

"Nani amemgusa ng'ombe huyu kwa mkono mtupu? Sitamlaumu mtu. Nataka jina tu."

Mwenye lori akainua wake. Utingo wake akainua. Halafu Taratibu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akainua mkono wa kushoto. Ulikuwa na damu mpaka kwenye kifundo, na kwenye kidole gumba palikuwa na jeraha dogo jipya.

"Nilipanda lorini likiwa bado limesimama nje," akasema. "Nikaanza na ini. Nilipofika kwenye tezi nikaona damu haigandi. Nikakutafuta ofisini, tukapishana."

Nilikuwa na maswali mia. Nikamwambia akaoshe mkono kwa sabuni na dawa, dakika kumi, nami nikamsimamia.

Ng'ombe wote kumi wamechomwa moto kwa mafuta, jioni hii, kwenye shimo jipya la juu lenye chokaa. Hakuna kipande kilichotoka langoni.

Nilipoingia nyumbani sikubadili nguo kwanza, nilikwisha kuzibadilisha machinjioni. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha mbele. Baba alinyoosha mkono wa kulia. Nikampa wangu.

"Bandama?"

"Nimeitazama, Baba. Ilikuwa mbovu. Nimeikataa."

Alinitazama muda mrefu. Machozi yalimtoka upande mmoja tu, ule ulio hai. Nami nililia, kwa hasira na kwa mambo mengine. Hakulisema tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Machinjio yamefungwa. Vipimo vimerudi: kimeta. Baba hajatamka kitu tangu jana.

Jumatatu, 22 Aprili

Taratibu amelazwa. Kidole gumba kimevimba, kidonda cheusi katikati. Anasema hakimwumi.

Jumanne, 30 Aprili

Sindano zimemkubali. Amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na manesi tayari wanalalamika kwamba anakunja mashuka yao upya kwa sababu wao hawakunji sawasawa. Nikamwamkia, akaitikia, nikavuta kiti.

"Mchunaji aliyekufa mwaka ule wa mvua kubwa," nikamwambia.

"Mdogo wangu."

Akanieleza kwa utaratibu wake, akipumzika baada ya kila sentensi. Baba aliporudi kazini baada ya msiba, alimwendea yeye, akamkabidhi kisu. Akamwambia, mimi siaminiki tena, kwa hiyo kila nitakachokata na wewe ukate. Akamfundisha kama anavyokata mwenyewe, kwa kushoto, na Taratibu, ambaye hula, huchuna na husalimia kwa kulia, akajifunza kukata kwa kushoto kwa sababu ndivyo alivyoonyeshwa. Alama ya pili daftarini ni yake.

"Walipokuja wale wawili niliwaambia. Wakaniona nimechakaa akili, wakaandika barua. Ulipokuja wewe nikaona nikate tu, ninyamaze. Baba yako aliniachia kazi, na hajanipokonya."

"Ungeniambia, mzee wangu. Mimi nilikuwa naogopa wafu."

Akacheka bila sauti. "Ungeniruhusu?"

Nisingemruhusu. Kisha nikamwuliza, kwa sababu lilikuwa linanikera, ile siku ya msiba wa kwao alipitia saa ngapi.

"Siku gani?"

"Tarehe ishirini na moja. Maini matatu."

Akanitazama. "Siku hiyo sikuwepo, Daktari. Nilikuwa mbali, safari ya saa sita. Yote mengine ni yangu. Hayo siyajui."

Nimerudi nyumbani nimefungua daftari hili, nimesoma tarehe ishirini na mbili. "Mwishoni mwa kila mmoja pana mkia mwembamba." Niliandika mwenyewe na sikujiuliza. Kisu chenye mkia ni kimoja tu pale, na hulala ndani ya mkoba wangu.

Nikarudi ukurasa mmoja nyuma. Tarehe ishirini na moja. Homa. Kumi na mmoja. Wamepita. Maneno yale yamelala upande mwingine. Wino umepakazika kuelekea kulia, kama unavyopakazika kiganja kinapopita juu ya kilichoandikwa. Kurasa nyingine zote ni safi.

Nilimpelekea Shangazi kitabu kikiwa wazi. Alivaa miwani.

"Ah," akasema. "Huo umerudi?"

"Upi?"

"Mkono wako. Ulikuwa wa kushoto wewe, mpaka ulipoanza shule. Baba yako alikubadilisha mwaka ule aliofariki mama yako. Alikufunga kitambaa miezi minne, unalia, naye analia. Alisema hataki mkono kama wake ubaki katika nyumba hii."

Jumatatu, 6 Mei

Tumefungua. Mvua imekatika, kuna jua dogo, na mafundi wameziba bati. Taratibu hatarudi mpaka mwezi ujao.

Nimeingia saa kumi na moja na nusu. Ng'ombe saba. Maini yalikuwa yananingoja mazima, laini, hayana mkato hata mmoja. Sikujua kwamba ningeikosa mikato ile namna hii. Nilikata ya kwangu, miwili, imenyooka, nikatia alama daftarini. Kisha nikabaki nimesimama na kisu, mchinjaji mkuu ananitazama kwa jicho la pembeni.

Nikakihamishia kushoto. Niliogopa, sitadanganya. Nilidhani nitakatakata nyama ya watu ovyo. Mkono haukuuliza chochote. Mitatu, imelala, wa mwisho mfupi. Kwenye ini la kwanza, na la pili, mpaka la saba, kisha bandama zote. Nikatia alama ya pili.

Jioni Baba alinyoosha mkono wa kulia, akautafuta wangu wa kushoto. Akabonyeza kidole cha kwanza. Kwenye cha pili akafika mahali ambapo kisu kimeanza kuacha lengelenge, akasimama hapo. Akalipitia tena, polepole, kwa ncha ya kidole gumba. Nilisubiri auachie.

Hakuuachia. Shangazi ameita mara mbili kwamba chakula kinapoa. Nimemjibu ale yeye kwanza, mkono wangu una kazi. Ninaandika haya kwa ule wa kulia.